Mji wa Walioshiba

Usingizi ulinikuta na viatu miguuni. Naanzia hapo ili msinidhanie mtu wa kutafuta ndoto. Mimi nimesomea lishe, akili yangu imejaa wanga na protini, na ndoto zangu za kawaida ni za mtihani niliochelewa kuingia. Lakini siku ile ilinichosha vibaya. Nilikuwa Ihumbwe, kijiji kikavu cha katikati ya nchi, ambako shirika moja linalochukua vijana waliomaliza chuo na kuwapeleka vijijini kupambana na utapiamlo lilinitupa kwa mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kuwafunga watoto utepe wa rangi kwenye mkono, kijani ni mzima, njano ni mashaka, nyekundu ni hatari, kisha kumwuliza mama mtoto alikula nini jana. Nilikuwa nimewauliza asubuhi nzima kwenye baraza ya zahanati, wanawake wamebanana kwenye benchi moja, huyu akijibu yule anasikia. Na wote, jamani wote, walijibu kama waliokariri: asubuhi uji wa maziwa, mchana ugali kwa mlenda, jioni maharage. Adhuhuri Dokta Kihaule, mkuu wangu aliyeko mjini, akanipigia simu. Kata ya jirani walikuwa wanalia wapewe chakula dawa, ile siagi nzito ya karanga tunayowapa watoto waliodhoofu, na maboksi yote yalikuwa yamelala kwenye stoo yetu. “Nakiete, watu wako wanakula au hawali?” Nikamwambia, “Wanasema wanakula, Dokta.” Akasema basi, jioni gari litakuja kuyabeba.

Nilipokata simu moyo haukutulia, nikaenda nyumbani kwa Mama Nyemo, kwa sababu ya Nyemo mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kike wa kama miaka miwili, na utepe wake ulisoma njano iliyokaa ukingoni kabisa mwa nyekundu. Kilichonitisha si utepe. Mtoto wa umri ule ukimshika mkono hupiga kelele kijiji kikajaa. Huyu aliniangalia tu, kisha akaacha kuniangalia. Nikajua maboksi yakiondoka, huyu hafiki masika. Nikamwuliza mama yake tena, taratibu, mtoto amekula nini. Akatabasamu. “Amekula, dada. Hapa kwetu chakula si shida.” Kisha akatandika mkeka, akasema karibu chakula. Mimi niliyekuwa na chai ya asubuhi tu tumboni, matumbo yananguruma hata naogopa atayasikia, nikaweka mkono kifuani nikasema, “Asante mama, nimeshiba kabisa.” Nikarudi nyumba ya watumishi kwenye jua kali, nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani. Nikajitupa kitandani. Dari ikaanza kuondoka.

Nikajiona nimesimama mbele ya mji mweupe, nyumba zake zimepakwa chokaa mpaka zinaumiza macho, na kila paa linafuka moshi wa jikoni. Moyo ukafurahi, nikasema hapa watu wanapika. Mwanamke akanijia akitembea polepole, kanga zake zimepigwa pasi, udi unamtangulia, mkononi ameshika birika na bakuli la kunawia. Uso wake ulikuwa wa upole kiasi kwamba nilitaka kumwomba radhi kwa jambo lolote. “Mimi naitwa Adabu,” akasema. “Nimewalea wote walioko humu, na wewe pia nilikulea, ila umesahau. Umekula, mwanangu?” Sikufikiri hata kidogo. Nikajibu, “Nimeshiba, bibi, asante.” Nyuma yangu kikaanguka kitu kizito, puu! Nikageuka. Mahali nilipoingilia pamekaa tofali bichi, bado linachuruzika maji, na juu yake na pembeni yake matofali mengine yamepangwa yakawa ukuta, ukuta umezunguka mji wote na hauna hata tundu la panya. “Tofali hili la nani?” nikauliza. Bibi Adabu akanimwagia maji mikononi. “Lako, mwanangu. Zuri sana. Karibu mjini.”

Tukatembea. Kila tuliyekutana naye alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. Wazee wanachokonoa, wanawake wanachokonoa, watoto wa kutambaa wameshikishwa vijiti. Walijipapasa matumbo na kucheua kwa heshima, mkono mdomoni. Nikachungulia jiko moja nione kinachopikwa: moto unawaka vizuri, kuni kavu, na juu ya mafiga hakuna chungu. Nikachungulia la pili, hali ni hiyohiyo. “Bibi, mbona wanakoka moto bila chungu?” Akanivuta mkono kama mtu anayemwondoa mtoto mlangoni mwa bafu. “Jirani asipouona moshi atauliza. Kwa nini tumpe mtu kazi ya kuuliza?” Kwenye njia panda alisimama mwanamume mrefu, kofia imeinuliwa, akinadi kwa sauti ya mnada: “Kwa fulani leo pilau! Kwa fulani kuku wa kienyeji, mchuzi mzito!” Huyo ni Fahari, nikaambiwa, hutangaza watu walichokula. Chini ya kanzu yake niliona kamba ya mkonge aliyojifunga tumboni, ameikaza mpaka imezama kwenye nyama. Kila alipotangaza mlo, puu, tofali. Puu, tofali. Sauti hiyo ilinifuata mji mzima.

Tukaingia nyumba moja, na mwenye nyumba alikuwa Mama Nyemo. Hakunitambua, au alinitambua akaona si vizuri kuonyesha. Katika kiti kizuri kuliko vyote, kile cha mgeni wa heshima, aliketi mwanamke mnene mwenye mashavu yanayong’aa, amejilaza kama yuko kwake, na mapajani amempakata Nyemo. Anambembeleza. Anamwimbia kwa pua. Mtoto amenyamaza, macho wazi. “Huyo mgeni wenu nani?” nikauliza. Watu wa nyumba wakatazama sakafu. “Ah, huyo,” Mama Nyemo akasema, “ni shangazi. Kapita tu.” Yule mnene akanikonyeza. Nikamwona mkono wake ulivyomzunguka yule mtoto, na vidole vilivyo baridi vikipapasa mbavu moja baada ya nyingine, na nikamjua. Nimesoma juu yake miaka mingi, nimemchora kwenye michoro, nimemhutubia mikutanoni, na sikuwahi kufikiri anaweza kuwa mnene hivi. Alikuwa Njaa. “Tulikula vizuri jana,” Mama Nyemo akasema bila kuulizwa, na tumbo la Njaa likavimba kidogo, na Nyemo akapungua kidogo, mbele ya macho yangu. Nikatoa utepe mfukoni nikamfunga mtoto mkononi nikikaza, nikikaza, na utepe ukafika mwisho wake bila kukutana na mkono.

Nilitoka mbio. Sioni aibu kusema nilitoka mbio na nililia. Kama si kulia ningetapika. Nikapapasa ukuta ule mita kwa mita nikitafuta upenyo, chokaa ikiniingia kwenye kucha, mpaka nikamkanyaga mtu. “We! Huna macho?” Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, nywele hazijaona chanuo, kanga ameivaa upande wa ndani, anajikuna hadharani. Nikamwomba samahani. “Samahani peleka kwa Bibi Adabu,” akasema. “Mimi naitwa Haja. Mji huu wote una mimi, na hakuna anayenitaja. Wakipita hapa wanaangalia kule.” Nikamwuliza njia ya kutoka iko wapi, kwa sababu kuna mtoto anakwisha. Akapunguza ukali. “Sikiliza, dada. Ukuta huu haukujengwa na mtu mbaya. Ulijengwa na watu wanaopendana, kila mmoja akimsitiri mwenzake asiaibike. Mke anamsitiri mume, mume anamsitiri mama yake, jirani anamsitiri jirani. Ndiyo maana ni mgumu. Ungekuwa wa uovu ungeshabomoka. Lango liko nyuma ya soko, na bawabu wake ni Aibu. Hana rungu wala mbwa. Ukimwambia unachokosa, kwa sauti ya kusikika na wote, atafungua, na akifungua watatoka wengi. Lakini useme cha kwako.” Nikamshukuru. “Nenda basi,” akasema, “mtoto yuko kwenye mapaja yale bado.”

Lango lilikuwa dogo kuliko nilivyotegemea, la mbao, halina komeo. Mbele yake amesimama kijana mwembamba wa sura ya kawaida kabisa, ambaye mngepishana naye sokoni msimkumbuke. Hakunizuia. Aliniangalia tu, na shingo yangu ikainama yenyewe. Watu wa mji wakaanza kukusanyika nyuma yangu na vijiti vyao. Nikajikaza nikasema kwa sauti ya mkutano, ile ninayoitumia nikiwa na chati, “Watu hawa wana njaa!” Aibu akasonya kidogo, bila chuki. “Kila msomi anayeletwa hapa husema hivyo. Hata wenyewe wamezoea kuisikia. Wewe je?” Nikasema, “Mimi nimekuja kuwasaidia.” “Sikukuuliza hilo, dada. Nimekuuliza wewe je.” Tumbo langu likanguruma, na mji mzima ukajifanya haukusikia.

Jamani, ni neno dogo! Hata mtoto wa kuanza kuongea analijua. Nikafungua mdomo. Palepale nikasikia mfinyo kwenye paja, mfinyo wa mama yangu mzazi, kule Same, tukiwa sebuleni kwa watu nami nimekodolea macho mkate uliopakwa siagi. Alinifinya bila kugeuza uso, akiendelea kucheka na wenyeji, na kule nyumbani jioni akaniambia, “Unataka waseme silishi watoto wangu?” Nilimsikia sasa kama yuko ubavuni. “Nina...” nikasema. Fahari akaacha kunadi. Bibi Adabu aliyekuwa nyuma yangu akaniwekea kiganja begani, kiganja laini. “Nina nini?” Aibu akauliza, na mkono wake uko kwenye lango tayari. Nikawaona wote wamenitazama, Mama Nyemo mbele yao ameuma kijiti chake, anangoja. Nikasema, “Nina kiu kidogo.” Puu.

Watu wakashusha pumzi. Wengine walitabasamu, ungedhani nimewaokoa wao. Bibi Adabu akanipa maji kwenye kikombe kizuri. Nilirudi nyumbani kwa Mama Nyemo, na Njaa sasa alikuwa amekijaza kiti, amekijaza chumba, mabega yake yamegusa kuta huku na huku, na Nyemo juu ya paja lake amekuwa mdogo kiasi cha konzi ya unga. “Mtoe!” nikapiga kelele. “Huyu si shangazi! Mnamjua, wote mnamjua!” Mama Nyemo akanitazama kwa huzuni nisiyoweza kuielezea. “Mgeni hasemi hivyo nyumbani kwa watu, dada.” Nje matofali yalikuwa yanaanguka kwa kasi ya mvua, ukuta umepanda umelificha jua, umefunga juu kama chungu kilichofunikwa. Njaa akaufungua mkono wa pili, ule usiokuwa na mtoto, akapigapiga paja lake lililobaki wazi. “Njoo na wewe, mwanangu,” akaniambia. “Umechoka. Nawe si umeshiba?” Nilitaka kusema hapana. Neno likasimama kooni, halipandi wala halishuki, pumzi ikakata, nikawa nakufa nalo.

Nikaamka nimekaa kitako, shuka limenizunguka shingoni, viatu bado miguuni. Jua lilikuwa linashuka. Dirishani nikasikia mlango wa gari ukibamizwa. Maana ikaniingia polepole na kuniuma. Nilikuwa nimewakalisha wanawake wale kwenye benchi moja, mbele ya wakwe zao na majirani zao, nikamtaka kila mmoja amtangaze mumewe kuwa hana kitu. Walinijibu vile ambavyo mama yangu angejibu. Vile nilivyojibu mimi mwenyewe kwenye mkeka wa Mama Nyemo, na tumbo linanguruma.

Pale zahanati dereva alikuwa ameshapakia nusu ya maboksi. Nikamwomba asubiri. “Dada, mimi ni mtu wa kutumwa,” akasema, akipanga boksi jingine. “Ongea na Dokta.” Nikapiga simu huku natembea, karibu nakimbia, kuelekea kwa Mama Nyemo. “Dokta, maboksi yasiondoke.” “Kuna nini tena, Nakiete? Mchana si ulisema wanakula? Umepata taarifa gani mpya?” Nitamwambia nini, nimeota? “Usikate,” nikasema. “Tafadhali, Dokta, usikate simu.”

Mama Nyemo alikuwa uani anafagia, Nyemo amelala kwenye kivuli cha ukuta, nzi wanamtembelea usoni naye hawafukuzi. “Mbukwenyi,” nikabisha kwa salamu yao. Akanyanyuka, akatabasamu, akaanza kutafuta kiti. Nikasema shikamoo, na kabla sijapoa nikasema tena, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, “Mama, nina njaa. Tangu asubuhi sijala kitu. Mchana nilikudanganya.” Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, shahada ninayo, na nilisikia paja likiniwasha pale palipofinywa.

Akasimama na ufagio. Mgeni amesema ana njaa nyumbani kwake. Hakuna mwanamke wa Ihumbwe anayeweza kulijibu hilo kwa tabasamu. Akaingia jikoni. Nikasikia kifuniko kikifunuliwa na kurudishwa, kopo likitikiswa. Alipotoka alikuwa ameshika upande wa kanga yake mdomoni, na machozi yanamshuka bila sauti. “Mwanangu,” akasema, mara ya kwanza kuniita hivyo, “sina cha kukupa. Umenikuta vibaya. Hakuna kitu humu ndani.”

“Na Nyemo, mama?”

“Anakunywa maji ya mlenda. Na mimi hayohayo.” Akajifuta uso kwa nguvu, kama aliyejikasirikia. “Lakini wewe huwezi kulala hivyo, mtoto wa watu.” Akaenda kwenye ua wa miti, akapaza sauti upande wa pili. “Mama Chedego! Mwenzangu, una unga hata konzi moja? Dada wa lishe hajala tangu asubuhi!”

Nikadhani hawakusikia. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu, nzito, inayojikongoja: “Unga utoke wapi, mwenzangu? Sisi huku tuna siku hatujakoka moto wa maana.” Na kutoka nyumba ya nyuma yake, mwingine nisiyemwona akasema, “Mimi nilikuwa najivuta nije kwako kuomba, Mama Nyemo.” Na mwingine mbali zaidi, aliyeuliza kuna nini, akaambiwa, naye akasema kwake vilevile.

Mkononi mwangu simu ilikuwa inaita jina langu. “Nakiete? Haloo? Sasa unasema nini?”

“Sisemi mimi, Dokta,” nikamwambia, nikanyanyua mkono nikaishikilia simu juu ya ua.